Kura ya shingo upande: mpinga vita wa Marekani ampe nani?

Februari 2008 George W. Bush alikuja Arusha. Alitembelea kiwanda cha A to Z kinachotengeneza vyandarua vyenye dawa, akaenda na hospitali ya Wilaya ya Meru kuona kazi ya kupambana na malaria. Siku moja kabla ya hapo alikuwa Dar es Salaam na Rais Kikwete, wakitia saini msaada wa karibu dola milioni 698 kwa ajili ya barabara, umeme na maji. Mpango wake wa UKIMWI, ule wa PEPFAR ulioanza 2003, ulikuwa tayari unawalipia Watanzania wengi dawa za kufubaza virusi. Wapo watu wanaotembea leo mitaani Arusha na Moshi ambao bila dawa hizo wangeshazikwa zamani.

Wakati huo huo, vita alivyovianzisha Iraq Machi 2003 vilikuwa vinakaribia kutimiza miaka mitano. Wanajeshi wa Marekani waliokufa kule walikuwa wanakaribia 4,000, na Wairaq waliokufa walikuwa wengi kiasi kwamba wanaohesabu hawajakubaliana idadi mpaka leo. Silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu ya kuingia vitani hazikupatikana.

Nimeanza na Bush kwa makusudi. Swali la makala hii huulizwa mara nyingi kana kwamba kuna mgombea wa amani, mweupe pe, na mwingine wa vita, mweusi ti. Hali haiko hivyo. Mmarekani anayechukia vita, anayeona nchi yake inapiga mabomu au inawapa wengine mabomu pasipo haki, hukuta kwenye karatasi ya kura wagombea wawili tu wenye uwezo wa kushinda. Wote wawili hawamridhishi. Mmoja ana afadhali. Ampe huyo? Ampe wa chama kidogo anayesema yote anayotaka kuyasikia, ambaye hatashinda? Au akae nyumbani?

Sisi huku hatupigi kura hiyo, ila mji unaoishi kwa utalii husikia siasa za watalii. Dereva mmoja wa magari ya watalii alinisimulia habari ya wageni wake wa msimu wa 2024, marafiki wawili kina mama, mmoja wa California na mwingine wa Michigan mwenye asili ya Lebanon. Walianza kubishana Makuyuni. Walipopita Kwa Kuchinja walikuwa bado, na mpaka geti la Tarangire lanchi boksi zilikuwa hazijaguswa. Wa California alisema kura za wote wawili ni za Kamala Harris na hakuna cha kujadili, kwa sababu Donald Trump atakuwa mbaya zaidi. Wa Michigan akasema hawezi kumpigia mtu ambaye serikali yake inatoa mabomu yanayoangukia kijiji cha bibi yake. Wageni wakichoka kubishana humgeukia dereva, na huyu alipogeukiwa alijibu kama wengi wetu tungejibu: heri nusu shari kuliko shari kamili. Akawatafsiria. Yule mama wa Michigan akamuuliza, "Na hiyo nusu inamwangukia nani?"

"Kaka, nikaona bora niwatafutie tembo," dereva aliniambia.

Swali la yule mama ni zito na nitalirudia. Lakini kwanza kuna jambo ambalo hakuna aliyelisema ndani ya gari lile: wanawake wale walikuwa hawana kura ya uzito mmoja.

Rais wa Marekani hachaguliwi kwa jumla ya kura za nchi nzima. Kila jimbo lina idadi yake ya wajumbe wa uchaguzi, jumla yao ni 538, na anayefikisha 270 ndiye rais. Karibu kila mahali anayeongoza jimboni, hata kwa kura moja, anazoa wajumbe wote wa jimbo hilo. Ni Maine na Nebraska tu zinazoweza kuwagawa. California ina wajumbe 54, na chama cha Democratic hakina wasiwasi nayo: 2024 Harris alishinda huko kwa zaidi ya kura milioni 3. Michigan ina wajumbe 15, na huko Harris alishindwa kwa kura zipatazo 80,000.

Maana yake ni kwamba mama wa California angeweza kumpigia kura mgombea yeyote wa amani, hata kuandika jina la dereva wake, na matokeo yasibadilike kwa lolote. Alikuwa huru kabisa kuifuata dhamiri yake, na bado ndiye aliyekuwa anahubiri uvumilivu. Yule mwenye jamaa chini ya mabomu ndiye aliyekuwa amebebeshwa hesabu ya nchi nzima. Kila mara mjadala huu unapoanza, mimi huuliza kwanza: wewe unapiga kura jimbo gani? Ushauri wa jumla kwa "wapinga vita wa Marekani" ni ushauri usio na mwenyewe. Hata Mmarekani anayefanya kazi Moshi na kupiga kura kwa posta huhesabiwa katika jimbo alikoishi mara ya mwisho kabla ya kuhama, si pengine.

Huu mfumo si sheria ya Mungu. Ng'ambo ya Namanga, Kenya, mgombea urais lazima avuke nusu ya kura zote na apate angalau robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47, la sivyo kuna duru ya pili. Kwa utaratibu kama huo mpinga vita anaweza kumpa wake wa moyoni duru ya kwanza, kisha akaenda kwa mwenye afadhali duru ya pili. Kwetu Tanzania nusu ilikuwa lazima mpaka mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000. Tangu hapo anayeongoza ndiye mshindi. (Na suala la nani aruhusiwe hata kugombea tunalijua vizuri hapa mjini: ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliyosema mwaka 2013 kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki. Ya kwetu nitayaandika siku nyingine.) Maine wameanza kuwaruhusu wapiga kura kuwapanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na 2020 wakautumia utaratibu huo kwenye uchaguzi wa rais. Ungeenea nchi nzima, nusu ya ugomvi huu ingeisha.

Mpaka uenee, mfano unaotajwa kila mara ni Florida mwaka 2000. Bush alimshinda Al Gore wa chama cha Democratic kwa kura 537 katika jimbo hilo, baada ya wiki tano za kuhesabu, kushtakiana na hatimaye Mahakama Kuu ya Marekani kusimamisha hesabu. Ralph Nader wa chama cha kijani alipata Florida hiyo hiyo kura 97,488. Wanaomlaumu Nader husema: bila yeye Gore angekuwa rais, na bila Bush vita vya Iraq visingekuwapo. Sehemu ya kwanza ina nguvu, hata ukikubali kwamba wengi wa waliompigia Nader wasingeenda kabisa kituoni. Sehemu ya pili nayo ina ushahidi: Septemba 2002, wakati wanasiasa wengi wa chama chake wamejikunyata, Gore alisimama San Francisco akaupinga hadharani mpango wa kuivamia Iraq.

Lakini jiweke mwaka 2000 wenyewe, bila kujua yajayo. Rais aliyekuwepo, Bill Clinton, alikuwa wa chama cha Gore. Agosti 28 mwaka huo Clinton alikuwa hapa Arusha, ukumbini na Mzee Mandela, akishuhudia Warundi wakitia saini makubaliano ya amani. Na mwaka mmoja tu kabla yake alikuwa ameipiga Yugoslavia kwa mabomu siku 78 kwa ajili ya Kosovo, na Agosti 1998, siku 13 baada ya balozi za Marekani kulipuliwa Dar es Salaam na Nairobi, alikuwa amekipiga kiwanda cha dawa Khartoum kwa tuhuma ambazo hazikuthibitika. Upande wa pili, Bush katika mdahalo wa Oktoba 2000 alikuwa anaitaka Marekani iwe taifa nyenyekevu mbele ya wengine. Nyenyekevu! Mpinga vita aliyesikiliza midahalo kwa makini angeweza kwa nia njema kabisa kumwona Bush ndiye mwenye afadhali.

Hapo ndipo hoja ya nusu shari inapoanza kuyumba, maana inadai ujue ipi ni nusu. Ahadi za wagombea kuhusu vita ni bidhaa mbovu kuliko zote za kampeni. Woodrow Wilson alichaguliwa tena Novemba 1916 huku wafuasi wake wakitamba kwamba ndiye aliyewaepusha na vita. Aprili 1917 akaliomba Bunge litangaze vita. Lyndon Johnson alisema Oktoba 1964 kwamba hatapeleka vijana wa Kimarekani maelfu ya maili kufanya kazi ambayo vijana wa Asia wanapaswa kujifanyia wenyewe. Wapinga vita walimpa kura kwa hofu ya Barry Goldwater, aliyeonekana ndiye shari kamili. Machi 1965 askari wa Johnson walitua Da Nang.

Mwaka ninaouona una mafunzo mengi kuliko yote ni 1968, na huwa nashangaa kwa nini watu hukimbilia Florida wakauacha.

Kufikia mwaka huo Marekani ilikuwa na askari zaidi ya nusu milioni Vietnam. Seneta Eugene McCarthy wa chama cha Democratic alijitosa kumpinga Johnson, rais wa chama chake mwenyewe, katika kura za mchujo, zile ambazo sisi huziita kura za maoni. Machi 12, New Hampshire, akapata takribani asilimia 42. Johnson aliongoza, lakini kwa rais aliyeko madarakani matokeo yale yalikuwa aibu. Robert Kennedy akaingia naye. Machi 31 Johnson akatangaza kwenye televisheni kwamba hagombei tena, na kwamba anapunguza mashambulizi ya mabomu Vietnam Kaskazini. Wapinga vita walikuwa wamemwondoa rais kwenye kinyang'anyiro bila kukisaidia chama pinzani hata kidogo.

Kisha mambo yakawaharibikia. Kennedy aliuawa Juni. Agosti, mkutano mkuu wa Chicago ukampitisha makamu wa rais, Hubert Humphrey, ambaye hakuingia kwenye mchujo hata wa jimbo moja, na ukaikataa hoja ya kusimamisha mabomu huku nje polisi wakiwapiga virungu waandamanaji mbele ya kamera. Humphrey alikuwa mtu mwema katika mengi. Alikuwa amepigania haki za weusi tangu miaka ya 1940, wakati kufanya hivyo kulimgharimu mwanasiasa. Lakini kwenye vita alikuwa mateka wa bosi wake, na kila alikokwenda Septemba vijana walimzomea.

Septemba 30, Salt Lake City, Humphrey alilipia muda wa televisheni, nembo ya Makamu wa Rais ikaondolewa pale aliposimama, akasema akiwa rais atasimamisha kuipiga mabomu Vietnam Kaskazini kwa sababu anaona hatari hiyo inafaa kuchukuliwa kwa ajili ya amani. Yalikuwa maneno ya tahadhari, yenye masharti. Hata hivyo kelele za kumzomea zilipungua, michango ikaanza kuingia, na pengo kati yake na Richard Nixon, mgombea wa chama pinzani cha Republican, likaanza kuziba. McCarthy alikaa kimya mpaka Oktoba 29, wiki moja kabla ya uchaguzi, ndipo akasema atampigia Humphrey, kwa sauti ya mtu anayelipa deni asilolipenda. Novemba 5 Nixon alishinda kwa asilimia 43.4 dhidi ya 42.7.

Nixon naye alikuwa ameahidi amani yenye heshima. Machi 1969 alianza kuipiga Cambodia mabomu kwa siri. Makubaliano ya Paris yalitiwa saini Januari 1973. Kati ya wanajeshi zaidi ya 58,000 wa Marekani waliokufa katika vita vile, takribani 21,000 walikufa baada ya Nixon kuapishwa, na Wavietnam, Walao na Wakambodia waliokufa miaka hiyo ni wengi mara nyingi zaidi. Zaidi ya hapo, maandishi ya msaidizi wake wa karibu, yaliyojulikana kwa umma miongo mingi baadaye, yanaonyesha kwamba siku za mwisho za kampeni Nixon alitaka mazungumzo ya amani yatiwe kigingi ili Humphrey asifaidike nayo.

Je, Humphrey angemaliza vita mapema? Hakuna atakayethibitisha. Mimi nadhani angebanwa zaidi, kwa kuwa watu wa kumbana walikuwa ndani ya chama chake. Ila angalia mtiririko wenyewe. Wapinga vita walifanya makubwa Machi, kwenye mchujo. Walipata kitu Septemba, kwa sababu mgombea aliwahitaji na alijua wanaweza kumnyima. Baada ya kukipata kile kidogo, wengi hawakukitambua kuwa ni ushindi wao, wakaendelea kununa mpaka saa ya mwisho.

Ukienda soko la Kilombero kununua mkungu wa ndizi, unapatana bei kabla hujatoa hela. Ukishalipa, bodaboda ikapakia na kuwasha, hakuna muuzaji atakayekusikiliza ukirudi kudai punguzo. Vilevile hakuna atakayekupunguzia kama alijua tangu mwanzo kwamba hununui kamwe, hata akikupa bure. Kuna wapinga vita wa aina hizi mbili Marekani. Wale wanaomuunga mkono mgombea wa Democratic siku ya kwanza bila sharti, na wale ambao wangemkataa hata angefanya nini. Wote wawili mgombea anaweza kuwapuuza salama.

Mwaka 2024 walijaribu kukaa katikati. Februari 27, kwenye mchujo wa Michigan, zaidi ya watu 100,000, karibu asilimia 13 ya waliopiga kura za chama cha Democratic, walichagua kisanduku kinachosema hawajaamua, kama onyo kuhusu Gaza kwa Joe Biden, rais aliyekuwa bado anagombea tena. Waliobuni mpango huo walikuwa na akili ya 1968: piga kelele mapema, ndani ya chama, ambako haimsaidii Trump. Katikati ya Agosti, wizara ya afya ya Gaza ilikuwa imehesabu waliouawa zaidi ya 40,000. Wakati wa mkutano mkuu, Chicago tena, waliomba Mmarekani mmoja mwenye asili ya Palestina apewe dakika chache jukwaani. Wakakataliwa. Septemba viongozi wao wakatoa msimamo ambao wengi waliuona mgumu kuuelewa: hatumuungi mkono Harris (makamu wa Biden aliyekuwa amechukua nafasi yake), hatumtaki Trump, na tusingependa watu wapigie vyama vidogo katika majimbo yenye ushindani.

Mimi siuoni mgumu. Ni msimamo wa mtu aliyebakiza kura na kuzuia jina lake lisitumike. Kosa kubwa zaidi naliona upande wa chama, kilichodhani kwamba watu wasio na pa kwenda watakuja tu. Dearborn, mji wa Michigan wenye Waarabu wengi, Trump aliongoza. Juni 2025 ndege zake zikavipiga vituo vya nyuklia vya Iran. Ukimwambia hayo yule mama wa Michigan, sidhani kama atajuta, na sidhani kama anapaswa kulazimishwa ajute. Anayepiga hesabu ya afadhali huhesabu jumla. Aliyefiwa hana jumla.

Hapo ndipo narudi kwenye swali lake, kwamba hiyo nusu inamwangukia nani. Kuna watu wawili tofauti tunaowaita kwa jina moja la wapinga vita. Mmoja anapima matokeo: wangapi watakufa chini ya huyu, wangapi chini ya yule. Mwingine anauliza kama yeye mwenyewe ashiriki, kwa saini yake, katika jambo analoliona ni mauaji. Wa kwanza unaweza kubishana naye kwa takwimu. Wa pili anasimama kwenye dini yake au malezi yake, na hesabu yako ya wajumbe 270 haimgusi. Nisichokubali ni pale anapodai kwamba msimamo wake nao ni mkakati, kwamba chama kikishindwa kitajifunza. Baada ya 1968 chama cha Democratic kilimsimamisha kweli mpinga vita, George McGovern, mwaka 1972. Alishinda jimbo moja, Massachusetts, pamoja na jiji la Washington. Somo ambalo wakubwa wa chama walilichukua kutoka hapo halikuwa la amani.

Wala si kila mpinga vita anapinga kila vita, jambo ambalo watu wa Moshi hawahitaji kufafanuliwa. Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi kuunda chombo cha kuongoza nchi yao baada ya Idi Amin, huku jeshi letu likielekea Kampala. Wazee wetu wengi wanaochukia vita vya Iraq na Gaza watakuambia bila kusita kwamba vile vya Kagera vilikuwa halali: tulivamiwa. Barack Obama alikuwa na msimamo huo huo Oktoba 2002 mjini Chicago, akiwa seneta wa jimbo tu, aliposema kwamba hapingi vita vyote, anapinga vita vya kijinga.

Na Obama ndiye anayenipeleka kwenye gharama ambayo naiona kubwa kuliko kura yenyewe. Mwaka 2004 wapinga vita walikuwa wamemkubali John Kerry shingo upande. Huyu ndiye yule askari wa Vietnam aliyeiuliza Seneti mwaka 1971 utamwombaje mtu awe wa mwisho kufa kwa ajili ya kosa, na ndiye huyo huyo aliyepiga kura ya ndiyo Oktoba 2002 kumpa Bush ruhusa ya Iraq. Alishindwa. Mwaka 2008 wakampata Obama, aliyekuwa na rekodi nzuri kuliko mgombea yeyote wa chama kikubwa kwa miaka mingi. Aliwaondoa askari Iraq Desemba 2011, kwa ratiba ambayo sehemu yake iliandikwa na Bush, akafanya mapatano ya nyuklia na Iran mwaka 2015. Vilevile Desemba 2009 aliongeza askari 30,000 Afghanistan, akaipiga Libya 2011 bila ruhusa ya Bunge, na ndege zisizo na rubani zikaua watu Pakistan, Yemen na Somalia.

Waandamanaji walikuwa wapi? Umati uliojaa mitaani 2003 ulikuwa umeshakwenda nyumbani. Wengi wao walikuwa watu wa chama cha Democratic, na mtu wao alikuwa ameshinda. Kumpigia kura Obama hakukuwa kosa. Ukiniuliza ningempigia pia, mara zote mbili. Lakini kura huchukua dakika chache kituoni, na kimya kile kilidumu miaka minane. Anayempa kura mgombea asiyemridhisha kisha akaona aibu kumpinga, asije akamsaidia adui, huyo ametoa zaidi ya kura. Anayepiga kura Jumanne na kuandamana dhidi ya aliyempigia Jumatano, sioni alipokosea.

Kwetu huku kuna hesabu nyingine tena. Bush wa vyandarua ni Bush wa Iraq. Januari 2025, Trump aliporudi, amri ya kusitisha misaada ilisimamisha miradi mingi nchini, na kufikia katikati ya mwaka USAID ilikuwa imefungwa kama shirika la kujitegemea. Hakuna bomu lililoanguka Tanzania. Mpiga kura wa Michigan anayepima uovu wa wagombea kwa vita peke yake anaacha nje ya mizani watu ambao hawajawahi kusikia mlio wa bunduki. Simlaumu; hata sisi tukipiga kura zetu hatuwafikirii Warundi. Nasema tu kwamba neno afadhali lina watu wengi ndani yake kuliko wanaoonekana kwenye televisheni.

Kilichobaki ni kidogo na kinasahaulika. Katiba ya Marekani inampa Bunge, si rais, mamlaka ya kutangaza vita, na fedha zote za jeshi hupita huko. Mara ya mwisho Bunge kutangaza vita rasmi ilikuwa 1942. Sheria ya 1973, iliyopitishwa licha ya Nixon kuikataa, inamtaka rais alitaarifu Bunge ndani ya saa 48 na kuwaondoa askari baada ya siku 60 asipopewa ruhusa. Marais wa vyama vyote wameizunguka. Mwaka 2019 Bunge liliamua Marekani ijitoe katika vita vya Yemen, Trump akaikataa hoja, na kura za kumshinda hazikutosha. Wawakilishi wote huchaguliwa kila baada ya miaka miwili, na maseneta theluthi moja kila mara; mchujo wao huhudhuriwa na watu wachache, na kura elfu kadhaa humwangusha mtu aliyekaa miaka 20. Mpinga vita anayetumia miaka minne kubishana kuhusu rais, kisha akaukosa mchujo wa mbunge wake, ameacha mahali ambapo hakuhitaji kupiga kura shingo upande.

Septemba 14, 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya New York na Washington, Baraza la Wawakilishi lilipiga kura kumpa Bush ruhusa ya kutumia nguvu dhidi ya waliohusika, ruhusa ambayo marais waliofuata wameitumia hadi Somalia. Kura zilikuwa 420 za ndiyo na moja ya hapana. Ile ya hapana ilikuwa ya Barbara Lee wa Oakland, California. Alitishiwa kuuawa, akawekewa walinzi. Novemba 2002 alirudi kwa wapiga kura wake, na zaidi ya asilimia 80 wakamrudisha bungeni.